Nyumba Yetu Ilipopandishwa Daraja

Ninaanza na jambo linalonisumbua zaidi. Nilimsema mtu vibaya mbele ya watu wengi, na siku nilipomwomba msamaha waliosikia walikuwa wawili tu, na mmoja wao alikuwa anasinzia. Tangu hapo nimewaeleza wale wote ninaowakumbuka, lakini siwezi kujua kama kila aliyesikia tusi amesikia na msamaha. Kwa hiyo ninaandika kwenye kaye yangu, daftari hili. Sijui nani atasoma kaye ya mshona nguo aliyeacha shule mwaka wa tano wa msingi, na pengine nitapanga mambo vibaya. Nitajaribu tu nisimwonee mtu, hata mimi mwenyewe.

Kwa miaka zaidi ya ishirini nilipanga hapa Kalemie. Kwanza na marehemu mume wangu aliyekuwa akifanya kazi bandarini, kisha na watoto, kisha peke yangu watoto walipooa na kwenda zao. Nilihama mara saba. Kila nilipohama nilibeba kichwa cha mashini yangu ya kushonea mimi mwenyewe, sikumwachia mtu. Halafu mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli, ambaye nilikuwa namshonea mashati, akataka kurudi Kabalo kwa watoto wake. Akauza nyumba yake, iliyo juu kidogo ya njia ya treni, mahali ambapo maji ya ziwa hayakufika ile miaka yalipopanda. Alinisubiri miezi minane nimalize kumlipa. Katika miezi hiyo walikuja watu wawili na pesa yote mkononi, akawaambia nyumba imekwisha kupata mwenyewe. Nitamshukuru papa yule mpaka nife.

Ni nyumba ya matofali ya kuchoma na mabati ya zamani. Ina sebule na vyumba vitatu, na kile cha mbele kina dirisha linalotazama njia, unaona nani anapanda na nani anateremka. Chumba hicho nilikiweka kwa ajili ya yaya, dada yangu mkubwa.

Yaya ameishi maisha yake yote Kirungu, kule milimani. Ni yeye aliyenilea mama yetu alipofariki. Maharagwe yake ndiyo yaliyolipa minerval yangu, karo ya shule, ile miaka mitano, na baadaye yakalipa mafunzo yangu ya kushona. Mwaka mmoja kabla sijanunua nyumba alifiwa na mume wake, na kwa kuwa hakuzaa, ndugu za mume wakachukua nyumba na shamba. Nilipopata funguo nilimpigia simu.

"Yaya, telemuka. Kuko chumba chako."

"Chumba cha kukaa ao cha kutembelea?"

"Cha kukaa."

Akauliza kama Kalemie kungali na joto namna ile.

Sasa nifike kwenye kodi. Hapa kwetu ukishanunua nyumba lazima upeleke karatasi kwenye biro ya kodi, ili jina la mwenye kulipa libadilishwe. Huko wanakupa fomu unayojaza mwenyewe: nyumba ni ya kufanyia nini, ina vyumba vingapi, urefu wake, upana wake. Nilienda kuijaza asubuhi moja nyumba ikiwa tupu bado. Nilipima kuta kwa nje na utepe wangu wa kushonea, upande wa urefu na upande wa upana, nikipiga magoti na kuhesabu kila mara ninapouhamisha. Jirani mmoja aliyekuwa anapita akasimama.

"Mama, unashonea nyumba libaya ya kitenge?"

"Na mikono mirefu, papa."

Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza. Nadhani ndiyo sababu sikuona kitu. Niliandika urefu mita kumi na mbili, upana mita tisa, nikatia sahihi, nikapeleka.

Yaya alifika kwa basi, na gunia la maharagwe yake mwenyewe, na nikisema basi nina maana ya lori ambalo lilikuwa nusu yake magunia ya wanawake wa Kirungu. Hakukaa hata mwezi mmoja, karatasi ya kodi ikaja. Ilisema nyumba yangu imetoka daraja la tatu na kupanda daraja la pili. Daraja la pili ni la nyumba za wafanyabiashara, zile zenye ukuta na geti la chuma. Nikaisoma mara tatu kwa sababu kusoma kwangu ni kwa polepole, na kila mara ilisema vilevile.

Yule papa wa reli alikuwa ameniachia mkebe wa maziwa ya unga uliojaa risiti zake za kodi. Nikazimwaga juu ya meza ya kukatia vitambaa, nikazipanga mwaka kwa mwaka. Daraja la tatu, daraja la tatu, mpaka zile ambazo wino wake umefifia. Nyumba ni ileile, hata tofali moja halikuongezwa mbele. Nikajiuliza kilichobadilika ni nini, nikaona kilichobadilika ni mwenye nyumba: mjane, mshona nguo, hana mwanaume wa kumsemea. Hilo ndilo jibu nililojipa, kabla ya kuuliza mtu yeyote.

Kiasi cha kodi sitakiandika. Itoshe kusema kwamba ili kuilipa kila mwaka ningelazimika kuweka mpangaji kwenye chumba cha mbele. Na mpangaji alikuwepo tayari, mwalimu mmoja wa shule ya karibu, mtu mpole, ambaye alikuwa ameulizia chumba hicho tangu nilipohamia. Mwalimu yule hakuwa na kosa lolote. Lakini vile vyumba vingine viwili, kimoja ninalala mimi na kingine kinavuja na kimejaa vitambaa vya watu. Chumba kilikuwa kimoja, cha mwalimu au cha yaya.

Sikumwambia yaya. Alijua. Alikuwa anachambua maharagwe, hakuinua hata uso.

"Mwalimu analipa. Mimi ninakula. Hiyo hesabu hata mimi ambaye sikuingia shule naiweza."

"Yaya, nyamaza."

"Nimenyamaza. Nitarudi Kirungu, nikae kwa mutoto wa shemeji."

"Yupi? Yule aliyekutolea vitu nje?"

"Aa, yule alikuwa ameshika mlango tu. Walionitoa ni wengine."

Akacheka. Mimi sikujua kama nicheke.

Kesho yake nikaenda kwenye biro ya kodi. Ninaogopa maofisi, na mtu mwoga akikasirika huwa anapita mpaka. Kulikuwa na watu kama kumi na watano kwenye viti na ukutani. Nyuma ya meza alikuwepo mwanamke kijana, nywele amesuka vizuri, miwani. Nikaweka karatasi mbele yake, sikumsalimia.

"Wewe binti, njo wewe umeandika hii?"

"Ndiyo, Mama. Karibu, keti."

"Siketi. Unaona mujane amenunua nyumba, unajiuliza ameipata wapi, eeh? Unakaa kwenye kiti unaandika unavyotaka. Nyumba yangu umeiona?"

"Hapana, Mama. Sijaiona. Karatasi njo imeniambia."

"Karatasi haijiandiki!"

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Mwambie, mama, mwambie!" Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimepata wa kunishangilia, nikamwambia. Nikamwita mwizi. Nikasema wako hivyo wote, wanangoja mtu alete kitu chini ya meza. Nisiwe mwongo: yeye hakuwa ameniomba hata kikombe cha maji. Aliningoja nimalize, na sauti yake haikupanda.

"Kama hukubali, Mama, andika barua ya kupinga. Ni haki yako. Kuko siku zake, usichelewe. Tutakuja kupima nyumba, na wewe utakuwepo."

Siku ile nilisikia kama ananifukuza. Ingekuwa leo ningemshukuru palepale, maana angeweza kukaa kimya siku zikapita, nami nisingejua.

Nilikwenda kwa papa mmoja anayepigia watu barua kwa mashini ya zamani, karibu na posta. Nikamweleza yote, naye akaweka karatasi kwenye mashini.

"Weka kwamba ni mwizi," nikamwambia.

"Mama, barua ya kupinga haitukani. Tukiweka tusi, watasoma tusi peke yake."

"Basi weka kwamba amekosea."

"Umejua kwamba amekosea?"

Akapiga mistari michache: kwamba mimi mwenye nyumba ninaomba ipimwe upya mbele yangu, na kwamba ninaambatanisha risiti za mwenye nyumba wa zamani. Ilikuwa barua fupi sana. Niliona nimelipia chakula kisicho na chumvi. Hata hivyo niliipeleka, wakaigonga muhuri, wakanipa nakala.

Tukangoja karibu miezi miwili. Nilipita biro mara mbili kuuliza, wakasema foleni ni ndefu. Yaya alikuwa akikaa kwenye chumba cha mbele kama mtu anayengoja treni. Alifagia, alipika, alinisaidia kushona vifungo, lakini wamama wa kanisa walipokuja kumsalimu na kumuuliza, "Umeshazoea Kalemie, mama mukubwa?" alijibu, "Nimekuja kutembea tu." Kila aliposema hivyo nilijipata nimechoma kidole na sindano, au nimeshona mkono wa kushoto upande wa kulia. Ningemwambia hapana, umekuja kukaa, wakati sijui?

Mwalimu naye alipita tena, akauliza kwa adabu kama nimeamua. Nikamwambia bado. Nikaona aibu mara mbili, kwa ajili yake na kwa ajili ya yaya aliyekuwa anasikia dirishani.

Walipokuja kupima, alikuja yuleyule. Peke yake, juu ya pikipiki ya kukodi, na faili na utepe mkubwa wa chuma wa kujikunja. Nilikuwa nimeomba moyoni aje mwingine. Aliniamkia vizuri, nikamwitikia kwa ufupi. Nikamletea sucré, soda ya chupa, kwa sababu mgeni ni mgeni, akasema asante, akaomba maji tu, mpaka kazi iishe.

"Mwenzangu alipashwa kuja kunishikia upande huu," akasema, "lakini ameugua. Kuko mtu?"

Yaya akaweka chini ungo wa maharagwe.

"Lete. Nimeshika mbuzi wa Kirungu kwa kamba, huu utanikimbia?"

"Usiuachilie tu, mama mukubwa."

"Na kama nikiachilia kidogo, kodi itashuka?"

"Itapanda, mama mukubwa. Ukiachilia, utepe unaongeza."

"Ah! Basi nimeshika."

Wakazunguka nyumba, mimi nyuma yao kama askari. Nilikuwa nimeamua nisipepese jicho. Alichuchumaa, akasoma kwa sauti, akanionyesha na mimi nisome, kisha akaandika. Urefu, mita kumi na moja na sentimita ishirini na nne. Upana, mita nane na arobaini. Akapiga hesabu kwenye simu yake. Tisini na nne na kidogo.

Akakunja uso, akapiga tena.

"Mama, hii iko chini ya mia. Mita mraba mia moja njo mupaka. Zaidi ya mia, daraja la pili. Chini yake, la tatu."

"Si nilikwambia!" Nilipiga kelele hata jirani akachungulia juu ya ua wake. "Si nilisema! Muliandika munavyotaka!"

Alifungua faili, akatoa karatasi moja, akanishikisha mkononi. "Na hii ni ya nani?"

Ilikuwa fomu yangu. Nilikuwa hata sikumbuki kwamba iliuliza mambo hayo, au niseme ukweli, nilikumbuka fomu lakini sikujua kwamba daraja linatoka humo. Nilifikiri wanaangalia nyumba kwa macho na kuamua. Urefu kumi na mbili, upana tisa. Tisa yenyewe ilikuwa na mkia mrefu unaoshuka mpaka mstari wa chini, na hakuna mtu mwingine Kalemie nzima anayeandika tisa namna ile.

"Kumi na mbili mara tisa ni mia na nane," akasema. "Sikuandika nilivyotaka, Mama. Niliandika ulivyotaka wewe."

Ningenyamaza pale ningekuwa na akili. Lakini nina miaka zaidi ya thelathini ninapima watu, harusi nimeshona, kanzu za mapadri nimeshona, na hakuna aliyerudisha nguo kwa sababu ya kipimo. Nikamwambia utepe wake ndio mbovu. Nikakimbia ndani nikaleta wangu.

Akautandika juu ya simenti ya baraza, akavuta ule wake wa chuma ubavuni. Akatazama. Akaniita nitazame. Yaya naye akainama, na ni yeye aliyesema.

"Utepe huu hauna kichwa."

Ni kweli. Nilijua hauna. Sentimita kumi za mwanzo zilichakaa zikakatika miaka mingi iliyopita, unaanzia kwenye kumi. Mteja akija, ninamzungushia kiunoni, utepe unasema tisini, mkono wangu unaandika themanini. Sifikiri hata kidogo, ni kama kupumua. Lakini nyumba haina kiuno. Kila nilipoulaza utepe ukutani mpaka mwisho wake nilihesabu mita moja na nusu, kwa sababu mwisho wake umeandikwa mia na hamsini, kumbe ni mia na arobaini tu. Mara nane kwa urefu, mara sita kwa upana. Kila mara nilijiongezea sentimita kumi za nyumba ambayo haipo.

"Nani amekuuzia kitu kama hiki?" akauliza yule mwanamke, kwa upole.

"Mimi," akasema yaya. "Nilimununulia akianza kujifunza kushona. Kilikuwa na kichwa wakati ule." Akanitazama, kisha akamtazama yeye. "Kumbe mimi njo nimepandisha kodi."

Yule mwanamke akacheka, akajizuia, akashindwa. Mimi nilitamani simenti ipasuke niingie. Nilikumbuka neno baada ya neno yote niliyosema biro, pamoja na sauti niliyoyasemea. Akakaa kwenye kibao, akaanza kujaza karatasi mpya, nami nimesimama pale sijui mikono niiweke wapi.

Ndipo nikasema, "Kuko na kule nyuma."

"Nyuma kuko nini?"

"Baraza ya nyuma. Nilikuja kuizungushia matofali nikiwa nimeshajaza fomu. Mashini yangu iko mule. Hukuipima."

Yaya akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile tangu nilipomwaga mafuta ya taa kwenye unga wake nikiwa mtoto.

"Mama, hiyo sikuiuliza," akasema yule mwanamke.

"Lakini iko."

Tukaenda nyuma. Safari hii yaya aliushika utepe kama kitu cha moto, hakufanya mzaha hata mmoja. Mita mbili na themanini. Mita moja na sitini. Yule mwanamke akaanza kuandika kwenye simu, na mimi ndipo nikaanza kufikiri. Tisini na nne, na ngapi? Nilijaribu kuzidisha kichwani, namba zikakimbia. Nikaona chumba cha mbele, nikaona mwalimu akiingiza kitanda chake, nikaona yaya anafunga gunia lake akinichekesha ili nisilie. Nilikuwa nimefungua mdomo wangu mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha.

"Tisini na nane na kitu," akasema. "Haifiki tisini na tisa. Daraja la tatu."

Yaya akauachilia utepe, ukajikunja kwa kelele. Akanigeukia, mikono kiunoni.

"Bado nyumba ya kuku! Muipeleke na ile, tumalize kabisa! Na ule mufuniko wa choo, uko na upana wake!"

"Kuku hawalipi, mama mukubwa," akasema yule mwanamke. Alivua miwani akafuta machozi ya kicheko.

Mtu asinisifu kwa hilo. Nilisema kwa aibu, kwa sababu nilitaka kumpa kitu cha kweli mtu niliyemsingizia. Kama ningekuwa nimepiga hesabu kwanza, nikajua kwamba tumebakiza mita moja na kidogo tu, sijui kama ningesema. Nimejiuliza mara nyingi nikiwa kwenye mashini, na jibu sijalipata. Ninashukuru tu kwamba sikujua kuzidisha haraka.

Yaya alimfungia maharagwe kwenye mfuko. Alikataa. Alisema, "Nikipokea leo, watu watasema njo maana imeshuka. Mama mukubwa, si kwa kudharau." Yaya akaurudisha mfuko bila kununa, na baadaye akaniambia, "Yule amelelewa." Sitaki kusema kwamba wote wa biro ile ni kama yeye, wala kwamba wengine si wema. Ninamjua huyo mmoja.

Siku nilipoitwa kuchukua karatasi mpya, nilikuwa nimejipangia maneno. Nilitaka watu wawe wengi kama siku ile. Walikuwepo wawili, mwanaume mmoja anayesinzia na mama mmoja na mtoto mgongoni. Nikajifanya ninatafuta kitu kwenye mkoba ili watu waongezeke. Hawakuongezeka. Basi nikasimama mbele ya meza.

"Mama," nikamwambia, na ndiyo mara ya kwanza kumwita hivyo, "siku ile nilikuita mwizi mbele ya watu, na nikakuita binti kama mtoto wa kutuma. Namba zilikuwa zangu. Unisamehe."

Alipanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

"Siku ile nilifika kwangu nikalia. Halafu nikakula," akasema. "Imekwisha, Mama. Keti basi, leo."

Nikaketi. Jumapili yake, wakati wa matangazo ya wamama kanisani, niliomba nafasi nikaeleza, pamoja na habari ya utepe. Walicheka sana, ilikuwa haki yao. Mmoja hakukubali. Aliniambia pale nje, "Wamekuogopa tu, kwa sababu ulipiga kelele." Nikamwambia hapana, walipima. Akasema mimi ni mtoto. Sikuweza kumgeuza, na siwezi kusema kwamba hana sababu zake, maana na yeye ana mambo yake yaliyompata kwingine.

Kodi ya daraja la tatu nimeilipa. Siwezi kusema kwamba niliipenda. Njia yetu bado imechimbwa na mvua, na pikipiki zinapita kwa kuyumba. Lakini nililipa ile iliyokuwa yangu, na nilitembea kurudi nyumbani nikisalimia watu nisiowajua.

Mwalimu nilimfuata shuleni nimwambie mwenyewe. Alikuwa amepata chumba kingine karibu zaidi, akanishukuru kwa kumwambia ukweli, wakati mimi ndiye niliyemweka akingoja.

Nilipofika nyumbani nilimkuta yaya amepiga magoti mbele ya dirisha lake, anachimba kwa panga langu la jikoni. Kando yake kulikuwa na mche wa mndimu ndani ya kopo, ameutoa sokoni. Karatasi nilikuwa nimeshamsomea asubuhi kabla ya kwenda kulipa, akasema "Eeh," akaendelea na maharagwe yake, nikafikiri haikumgusa.

"Yaya, hapo ni karibu sana na ukuta."

"Ni karibu na dirisha. Nataka kivuli."

"Mundimu unazaa kisha miaka ngapi?"

"Mine. Pengine tano, udongo wenu huu ni muchanga mutupu."

"Miaka tano!"

"Una haraka ya kwenda wapi? Mimi sina."

Nilisimama pale na mkoba begani. Nilitaka kumwambia mambo mengi, ya maharagwe yake na minerval, na ya kunilea, na kwamba katika nyumba zote saba nilizopanga sikuwahi kupanda hata mchicha. Yeye akaupapasa mche, akausimamisha wima, akaanza kurudisha udongo kwa viganja.

"Sasa unaniangalia nini?" akasema. "Leta maji."

Nikaweka mkoba chini, nikaenda kuyachota.